Juu ya Kurudiarudia

Mpwa wangu ni fundi wa simu na redio mjini Arusha. Alipokuja kutusalimu hapa Sale mwishoni mwa mwaka uliopita aliniachia flashi ndogo yenye muziki, akanionya mapema: "Mjomba, usiutukane kabla haujaisha." Onyo lile alikuwa na haki ya kulitoa, maana ananijua. Mimi ni mwalimu mstaafu, na mwalimu mstaafu ni mtu aliyezoea kushika kalamu nyekundu kabla hajafika ukurasa wa pili.

Nilichomeka flashi kwenye sabufa, nikakaa barazani. Gitaa la besi likapiga noti chache, likazirudia, likazirudia tena. Juu yake kikaja kinanda cha umeme chenye sauti nyembamba, mithili ya kengele ya mbuzi aliye mbali, nacho kikarudia la kwake. Chini kabisa mdundo mmoja ulikwenda sawasawa bila haraka wala uvivu. Nikangoja mtu aimbe. Hakuimba mtu. Kipande kikaisha, kikaanza kingine, na tabia yake ilikuwa ile ile. Baada ya robo saa nilizima, nikasema yale ambayo mpwa wangu alikwisha kuyatabiri: kwamba hii ni mashine ya kusaga, na hata mashine ya kusaga mwishowe hukupa unga.

Ninaandika kwa sababu sentensi ile niliwahi kuisema kabla, karibu neno kwa neno, na wale niliowasemea hawakuwa Wajerumani.

Lakini kwanza nieleze ni kina nani hawa. To Rococo Rot walikuwa watu watatu: ndugu wawili, Robert na Ronald Lippok, waliotoka Berlin Mashariki, na Stefan Schneider wa Düsseldorf, aliyepiga besi. Walianza mwaka 1995, santuri yao ya kwanza ikatoka 1996, wakaachana mwaka 2014. Jina lao msomaji asihangaike kulitafutia maana. Alisome kutoka kushoto, kisha alisome kutoka kulia, atakuta ni lile lile. Kwa watu ambao kazi yao yote ni kwenda na kurudi, sijui kama wangepata jina la kufaa zaidi.

Nyuma yao kuna historia yenye matawi mawili. Tawi la kwanza ni la Ujerumani Magharibi ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, vijana waliozaliwa wakati wa vita au muda mfupi baada yake, ambao hawakutaka kuimba kama Wamarekani, wala hawakuweza kuimba kama baba zao, kwa sababu baba zao walikuwa wameimba mambo ya kutisha. Waingereza waliwapachika jina la kejeli linalotokana na kabichi chachu, chakula cha Wajerumani, na jina likaganda: Krautrock. Miongoni mwao walikuwamo Can wa Köln, Faust, Kraftwerk wa Düsseldorf, na Neu!, ambao walikuwa wawili tu, Michael Rother na Klaus Dinger, waliojitenga na Kraftwerk mwaka 1971. Dinger alipiga ngoma kwa namna ambayo mpaka leo inaigwa: pigo la nne kwa nne linalokwenda mbele moja kwa moja, halina madoido, halisimami kujitangaza. Waandishi waliliita pigo la mota. Yeye mwenyewe hakulipenda jina hilo, na namwelewa, kwa kuwa aliyepiga alikuwa mtu mwenye mabega yanayochoka.

Tawi la pili ni la vijana Weusi wa Detroit na vitongoji vyake, mji wa viwanda vya magari huko Marekani. Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson walifahamiana shuleni Belleville, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wamechanganya Kraftwerk waliyoisikia redioni na muziki wa dansi wa watu wao wenyewe, wakaupata muziki ulioitwa tekno. Mwingine wa Detroit, Robert Hood, mwaka 1994 alitoa santuri iitwayo Minimal Nation, ambamo aliondoa kila alichoweza kukiondoa mpaka yakabaki mapigo na noti mbili tatu zinazozunguka. Wakati huo ukuta wa Berlin ulikwisha kuanguka, mwaka 1989, na vijana walikuwa wakicheza tekno usiku kucha katika majengo matupu ya upande wa mashariki. To Rococo Rot wanasimama mahali matawi haya mawili yanapokutana: besi inayopigwa kwa vidole kama enzi za Neu!, na mashine inayohesabu kama Detroit. Sauti yao lakini ni ya chini, kama watu wanaozungumza mtoto akiwa amelala chumba cha pili.

Basi turudi mwaka 1996, huo huo wa santuri yao ya kwanza. Nilikuwa mwamuzi katika mashindano ya ngoma na kwaya ya shule za msingi za tarafa yetu. Mimi si Mtemi kwa kuzaliwa. Nilitokea Karatu, nikapangiwa kazi huku, nikaoa huku, nikabaki. Wakati ule nilikuwa na miaka michache tu hapa, na Kitemi changu kilikuwa cha kusalimia na kununua mtama. Likaja kundi la wasichana na wavulana wa darasa la sita na la saba. Hawakuwa na ngoma ya kuwamba. Miguu ndiyo iliyokuwa ngoma. Msichana mmoja akaanzisha, wenzake wakapokea, sauti zikapandana, akaanzisha tena kwa tofauti ndogo ambayo sikuisikia, wakapokea tena. Muda ulikuwa dakika 10 kwa kila kundi. Nilipiga kengele, na kwa macho yangu walikuwa hawajaanza bado.

Nikawapa alama 38 kwa mia. Katika nafasi ya maoni niliandika kwamba wimbo unajirudiarudia, hauna ujumbe, na kwamba kusikiliza ni sawa na kusimama karibu na mashine ya kusaga. Kwaya iliyoshinda ilikuwa na beti tano juu ya usafi wa choo.

Sitaki kujitetea, ila nataka nieleze nilikoitoa kalamu ile. Kizazi changu kilifundishwa uhakiki kwa maneno mawili, fani na maudhui. Tuliambiwa ni pande mbili za sarafu moja, hazitengani. Lakini atakayekumbuka mitihani yetu atakubali kwamba upande mmoja wa sarafu ndio ulioweza kununua kitu. Mwanafunzi akitaja dhamira, ujumbe na falsafa ya mwandishi, amefaulu. Fani ilibaki orodha: tamathali mbili, methali moja, mtindo wa masimulizi. Kurudia kuliitwa takriri, kukatolewa mfano mmoja, tukaendelea. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba kitu kikirudiwa mara 40 huacha kuwa kitu kile kilichosemwa mara ya kwanza. Nilifika mbele ya watoto wale nikiwa na mizani ya kupimia maneno, nao waliniletea kitu kisichokaa kwenye mizani.

Wajerumani hawa ndio walioniharibia mizani hiyo, kwa sababu kwao hakuna hata neno moja la kuniokoa. Lazima uusikilize ule mrudio au uzime.

Kilichonigeuza ni barabara. Mpwa wangu alikuwa amekuja na Noah ya kuazima, akanipeleka Wasso kwa shughuli zangu. Wasiofika huku watanisamehe nikieleza: kutoka Wasso hadi Sale ni kilomita 49, na kabla ya lami zilikuwa kilomita ambazo mtu hakuzihesabu kwa saa. Mwaka 2011, magari kutoka nchi nzima na nchi jirani yalipopanga foleni kwenda Samunge kwa Babu kunywa kikombe, wageni wengi walidhani adha ya njia ile ni sehemu ya dawa. Sasa ni lami. Mpwa wangu akaweka kipande cha Kraftwerk cha mwaka 1974 kiitwacho Autobahn, yaani barabara kuu, cha dakika 22, kilichotungwa kuiga safari ya gari. Akafuatisha Hallogallo ya Neu!, ya mwaka 1972, dakika 10. Akamalizia na santuri ya To Rococo Rot ya mwaka 1999, The Amateur View, ambayo ndiyo ile niliyoizima barazani.

Ndani ya gari mambo yalikuwa mengine kabisa. Mdundo ulikuwa ule ule, lakini nje ya dirisha hakuna kilichokuwa kile kile: mgunga, mbuzi, mtoto na fimbo yake, kilima, kisha mteremko kuelekea kwetu. Nikagundua kwamba pigo lisilobadilika halikutaka nilitazame. Lilikuwa limejitoa njiani ili nitazame kingine. Nilipolirudia kwa sikio nikakuta kumbe nalo lilibadilika. Besi ilikuwa imeacha noti moja, na sikuweza kusema iliiacha lini. Nilikasirika kidogo, kama mtu aliyeibiwa akiwa macho. Kipande kimoja cha santuri ile jina lake ningelitafsiri "Lami Kidogo Hapa na Pale". Sikuyatunga mimi. Kingine kinaitwa Prado, na mpwa wangu anashikilia kwamba kimetungwa kwa heshima ya gari la Toyota. Mimi nafikiri ni ile nyumba ya picha ya Madrid, lakini katika wilaya yenye watalii kama yetu sina jinsi ya kumshinda.

Tangu hapo nimezisikiliza zote, na kwa kuwa nimetubu haimaanishi nimepofuka. The Amateur View ni kazi nzuri kuliko nyingine zao, naamini kwa sababu ya besi ya Schneider. Ina joto la mkono wa mtu. Mashine zinaizunguka kama watoto wanavyomzunguka bibi anayepepeta, hawamsaidii wala hawamzuii. Veiculo, ya mwaka 1997, ni kavu zaidi. Music Is a Hungry Ghost, ya mwaka 2001, waliyoifanya pamoja na Mmarekani aitwaye I-Sound, imejazwa. Kuna mikwaruzo na fidla, na nilihisi wenye nyumba wamewakaribisha wageni hadi wakakosa pa kukaa. Speculation, ya mwaka 2010, waliirekodi katika studio ya Faust, wazee wa Krautrock, kusini mwa Ujerumani, na pale unasikia hewa ya chumba na watu wakipiga kwa kusikilizana. Ya mwisho, Instrument, ya mwaka 2014, ina Arto Lindsay akiimba katika baadhi ya vipande. Anaimba vizuri. Hata hivyo alipofungua kinywa nilijikuta nimeanza kusikiliza maneno, na ule mrudio nilioanza kuuelewa ukashuka cheo ukawa msindikizaji. Ndipo nilipoona jinsi mwamuzi wa mwaka 1996 angali hai ndani yangu: mpe maneno kidogo tu, anashika kalamu.

Lawama yangu kubwa kwao ni moja nayo inahusu muda. Vipande vyao vingi ni vifupi. Vinafika pale ambapo kurudia kunaanza kuwa na nguvu, kisha vinaaga kwa adabu. Kuna woga fulani wa kumchosha mgeni. Neu! hawakuwa na woga huo, wala Detroit hawakuwa nao, kwa kuwa Detroit walipiga kwa ajili ya watu wanaocheza mpaka asubuhi.

Kuna hoja ambayo mpwa wangu aliileta hapa, nayo husikika mara nyingi: kwamba yote haya yametoka Afrika, yakapita Marekani, yakafika Ujerumani, na sasa yamerudi nyumbani. Inanipendeza kama Mwafrika, lakini siikubali. Anayesema hivyo hajasikiliza upande wowote. Singeli ya Dar es Salaam nayo inarudia, kwa mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na haifanani na hawa hata kidogo. Inakimbizana, inazomea, inamwaga vitu. Kusema kila kinachorudia ni ndugu ni kama kusema kila mwenye kutembea anakwenda Wasso.

Undugu upo mahali pengine, tena una majina na tarehe. Stefan Schneider huyu huyu, akiwa na Sven Kacirek, mpiga marimba wa Hamburg, alikuja Afrika Mashariki. Kacirek alitangulia na The Kenya Sessions, iliyotoka mwaka 2011: alirekodi wanamuziki wa Kenya, akarudi kwao, akapiga marimba na vyombo vyake juu ya sauti zile. Kisha wote wawili walirekodi muziki wa Mukunguni, pwani ya Kenya, santuri iliyotolewa na Honest Jon's ya London mwaka 2013, na mwaka uliofuata ikatoka Rang'ala, ya Ogoya Nengo na kikundi chake cha wanawake wa dodo kutoka Siaya, kwa Wajaluo. Katika hizi mbili za mwisho hawakuongeza kitu. Walitega vipaza sauti wakanyamaza.

Kazi ya Kacirek ya mwaka 2011 ni ya mtu mwenye heshima, na marimba yake haipigi kelele juu ya wenyeji. Lakini nikiisikiliza nasikia mtu aliyeogopa kwamba wimbo peke yake hautatosha. Mimi niliogopa hivyo hivyo nikataka beti juu ya choo. Katika Rang'ala woga huo haupo. Schneider amekaa miaka karibu 20 na mashine zinazorudia, akajua kurudia hakudai msaada, ndiyo maana alipofika Siaya aliweza kukaa kimya. Hii kwangu ndiyo sifa yake kubwa kuliko besi yake, na ni sifa ambayo mwalimu mwenye cheti cha uhakiki hakuwa nayo.

Wiki chache zilizopita alipita mama mmoja kunidai fedha za asali. Alikuwa mwanafunzi, na alikuwamo katika kundi lile, ndiye aliyeanzisha. Sasa ana wajukuu. Kwa miaka yote hii tumesalimiana vizuri na jambo lile halijatajwa. Muziki ulikuwa unaendelea barazani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Karibu."

Akakaa, akasikiliza. Baada ya muda akauliza, "Nani anaanzisha?"

Nikasema hakuna anayeanzisha, wote watatu wanakwenda pamoja. Akatafakari. Hilo lilikuwa swali ambalo katika kusikiliza kwangu kote sikuwahi kujiuliza, na naliona ndilo linalotenganisha wimbo wao na ule wa Watemi. Kwa Watemi kurudia ni kwa wale wanaopokea, ili mmoja awe huru kutoka njiani, naye huyo mmoja lazima arudi kabla hawajayumba. Ni kama maji ya mfereji yanayogawiwa na wazee wenamiji: zamu inarudi ile ile, lakini kuna mtu anayejibika kufungua na kufunga. Kwa To Rococo Rot mfereji unatiririka wenyewe na wote watatu wamesimama kandokando wakiutazama. Sijaamua kama huo ni upungufu. Pengine watu waliokulia chini ya viongozi wa namna walizokuwa nazo Berlin Mashariki walikuwa na sababu ya kutotaka mtu mbele.

Kipande kikaisha. "Wanachoka mapema," akasema.

Nikamwekea Rang'ala. Hakuelewa neno, kama mimi nisivyoelewa, lakini mguu wake ukaanza. Ilipofika mwisho wa wimbo akainua kichwa. "Hawa wamekatwa," akasema. "Walikuwa bado."

Pale nikaona nimefikishwa. Nikamwambia kwamba nakumbuka mashindano ya mwaka 1996, na kwamba nilikosea. Sikuwa nimepanga kusema. Maneno yalinitoka yakiwa machache na mabaya.

"Alama 38," akasema.

"Ndiyo."

"Baba alizijua. Alituambia tusiimbe tena shuleni, tuimbe nyumbani."

Nikasema labda tatizo lilikuwa muda, kwamba wimbo ule ulihitaji usiku mzima na mimi nilikuwa na dakika 10 tu za kuwapa. Alikuwa amesimama, anafunga kanga, fedha za asali ameshazihesabu.

"Zilikuwa 7, Mwalimu," akasema. "Kengele uliipiga mapema."